Jiwe la Kwanza Kwenye Foleni ya Tiketi

Mwaka ule masika hayakunyesha, na vuli nayo ikapita mbali kama mgeni aliyesahau njia. Jua likalinywa ziwa la wanyama mpaka tone la mwisho. Pakabaki uwanja mpana wa udongo mkavu, tambarare kama kiganja. Wanyama waliamka na kiu, wakalala na kiu, na mchana kutwa hawakuwa na la kuzungumza ila kiu.

Ndipo wakaja ndege wa Ulaya. Kila mwaka baridi ya kwao huwafukuza, nao huja kuota jua huku kwetu. Lakini safari hii walikuja na kombe. Barafu ilikuwa imefunika viwanja vyao kabla fainali ya Kombe la Vilabu vya Ulaya haijachezwa, na wachezaji walilazimika kuhama ili miguu isije ikagandia kwenye nyasi. Walipoliona ziwa lililokauka, walitua wote kwa pamoja wakasema, "Hapa hapa!"

Fainali ilikuwa kati ya Mbayuwayu na Keremkerem. Mpira ulikuwa tunda gumu la mkoche. Sheria zilikuwa chache, na kubwa kuliko zote ilikuwa hii: anayepaa amecheza faulo.

Habari hiyo iliwafanya wanyama wasahau kiu. Kila mmoja alitaka kwenda, lakini nafasi ukingoni mwa ziwa hazikuwatosha wote. Bwana Korongo, aliyesimamia tiketi, alitangaza kwamba tiketi ni unyoya mweupe, bei yake konzi moja ya mtama, na kila mnyama atapata moja tu, ingawa anaweza kumtuma jamaa yake amnunulie.

Hakuna aliyeitamani tiketi ile kama Bibi Kobe.

Si kwamba Bibi Kobe aliujua mpira. Hakuujua kabisa. Lakini katika timu ya Mbayuwayu kulikuwa na winga mmoja ambaye kila mwaka alikuja kulala chini ya kichaka chake. Mwaka uliotangulia alifika bawa limeteguka, na Bibi Kobe akamwekea kivuli kwa gamba lake mpaka bawa likapona. Tangu hapo walikuwa bibi na mjukuu.

"Bibi," Mbayuwayu alimwambia, "hii ndiyo fainali yangu ya kwanza, na ndiyo ya mwisho. Mabawa yamechoka. Mwakani sitaweza kuivuka bahari tena. Nataka unione nikicheza."

"Nitakuja, mjukuu wangu."

"Nilimwomba Bwana Korongo akupe tiketi ya bure. Amekataa. Anasema akimpa ndugu wa mmoja, kesho wote watakuwa ndugu."

"Amesema kweli. Mtama ninao. Nitapanga foleni kama wenzangu."

Basi Bibi Kobe alifunga mtama wake kwenye jani, akalibana kwapani ndani ya gamba, akaondoka. Aliondoka wakati wanyama wengine walikuwa bado wanaulizana fainali ni nini. Hata hivyo, alipofika, foleni ilikuwa ndefu tayari.

Lakini haikuwa foleni ya wanyama. Ilikuwa foleni ya mawe.

Hiyo ndiyo desturi ya nchi ile, nao walijifunza kisimani. Maji yakiadimika, hakuna anayesimama juani kutwa nzima kusubiri zamu. Kila mmoja huweka jiwe lake kwenye mstari, kisha huenda zake kivulini. Lilipo jiwe ndipo alipo mwenyewe, na hakuna kubishana na jiwe.

Bibi Kobe hakuwa amebeba jiwe. Jiwe lingemchelewesha. Alijipanga mwenyewe nyuma ya jiwe la mwisho, jiwe jeusi la Swala. Jua lilikuwa la utosi. Akaingiza kichwa, akaingiza miguu, na kwa uchovu wa safari akasinzia.

Alizinduliwa na vishindo, na sauti mbili zikinong'ona.

"Haraka, Fisi! Wote wamelala kule kivulini kama magunia."

"Mgongo unaniuma, Sungura. Mawe yote haya ya nini?"

"Limebaki moja tu, la kuweka mbele ya yote. Nataka zuri. Jiwe la heshima."

"Chukua hili hapa mwisho. La mviringo, tena lina nakshi."

Sungura alipiga mluzi. "Haya! Leo umetazama kwa macho, si kwa tumbo."

Bibi Kobe alihisi pua yenye unyevu ikimpitia mgongoni, kwenda na kurudi.

"Sungura," Fisi alisema taratibu, "jiwe hili linanukia nyama."

"Wewe hata mwezi unakunukia nyama."

"Kweli tena! Ngoja nionje kidogo."

Ulimi wa moto ukapita juu ya gamba, na mate yakamdondokea Bibi Kobe mpaka kwenye mkia. Hakutikisika. Alijua kwamba akitoa kichwa sasa, kichwa hicho hakitarudi ndani.

"Ukivunjika jino usinililie," Sungura alisema. "Beba twende!"

Kwa mara ya kwanza maishani Bibi Kobe alisafiri bila kupiga hatua, akining'inia kwenye taya za Fisi, huku Sungura akimweleza mwenzake hesabu zake.

"Sikiliza, ndugu yangu. Mawe ya mbele yote ni yetu. Nitasema hili la mama, hili la shangazi, hili la mjomba mgonjwa. Tutazichukua tiketi karibu zote. Tembo akitaka moja, atanichimbia kisima cha peke yangu. Simba naye hawezi kupanga foleni, kiburi hakimruhusu. Kwa hiyo atanunua kwetu, kwa nusu ya windo lake."

Fisi alimtua Bibi Kobe chini puu, ili apate kuuliza. "Nusu yenye mafupa?"

"Yenye mafupa."

"Na ile nusu nyingine?"

"Fisi, beba jiwe."

Wakamweka mbele ya mstari mzima, wakaondoka wakicheka.

Bibi Kobe alibaki pale, amejifungia gizani mwake. Na ukweli usifichwe, moyo wake ulimchezea. "Uko mbele," ulimwambia. "Hukusogea kwa hila, umebebwa. Nyamaza tu, tiketi ni yako. Kule nyuma ulikokuwa, nani ajuaye kama zitakufikia?" Akilini alimwona Mbayuwayu akitazama ukingoni, akimtafuta. Akakiacha kichwa gambani, asijue la kufanya.

Jua lilipolegea, Korongo alikuja kwa miguu yake mirefu, furushi la manyoya chini ya bawa. Wanyama wakatoka kivulini mbio, kila mmoja kwenye jiwe lake. Kelele ikazuka papo hapo.

"Jamani! Jiwe langu lilikuwa la kwanza!" Ngiri alifoka. "Nililiweka mwenyewe umande haujakauka! Mawe yote haya mbele yangu yametoka wapi?"

"Ni ya jamaa zangu," Sungura alisema kwa upole. "Umande ulipokuwa haujaanguka, sisi tulikuwa hapa. Au unataka kubishana na jiwe, Bwana Ngiri? Desturi yetu inasemaje?"

Ngiri akakwaruza udongo kwa kwato. Desturi ni desturi.

Simba naye alikuwa amefika, akasimama kando, manyoya ya shingo yakiwa yamechanwa vizuri. "Mimi sipangi foleni," alisema bila kuulizwa. Sungura akamkonyeza Fisi.

Korongo akafika kwenye jiwe la kwanza, akaliinamia. "Hili la nani?"

"Langu, Bwana Korongo."

"Una hakika? Wenzako wanalalamika."

"Hakika? Jiwe hili nalijua kama nijuavyo masikio yangu! Limekuwa nyumbani kwetu tangu enzi za babu. Babu yangu alikuwa akilikalia kila jioni, akitusimulia hadithi. Alipokufa alisema, 'Mjukuu wangu, jiwe hili usilitupe.'"

Wanyama wengine waliguswa. Swala akafuta chozi. Bibi Kobe aliyasikia yote hayo, naye akajua kwamba akinyamaza, uongo ule utakuwa wake pia. Moyo wake ukatulia. Taratibu, kama afanyavyo mambo yote, jiwe likatoa mguu mmoja. Likatoa wa pili. Kisha likatoa kichwa, likapepesa macho.

"Mjukuu wangu Sungura," likasema, "babu yako hajawahi kunikalia hata siku moja."

Kicheko kilicholipuka pale kiliwarusha ndege wote angani, faulo au si faulo. Nyani alianguka chali. Korongo mwenyewe alilazimika kusimama kwa miguu yote miwili.

"Shi... shikamoo, Bibi," Sungura alisema.

"Marahaba. Na mama yako mwambie namsalimu, kama ni lile jiwe la pili."

Sungura alikuwa hodari wa kujibu. "Bwana Korongo, ni bahati mbaya tu! Bibi huyu amekuja kulala juu ya jiwe langu, na..."

"Nilisema!" Fisi alipiga kelele, hawezi tena kujizuia. "Nilisema linanukia nyama, ukanikataza nisionje! Tangu kule mwisho nimembeba mdomoni, Sungura, mdomoni! Nyama imo mdomoni mwangu nami nasema ni jiwe!"

Sungura alimtazama Fisi. Fisi akatazama miguu yake.

"Tangu kule mwisho," Korongo alirudia. "Umembeba. Na haya mengine nani kayabeba?"

"Mimi," Fisi alisema, "na mgongo bado unaniuma."

Mawe yao yakaondolewa mstarini, moja baada ya jingine, huku Ngiri akiyarusha kwa pembe zake kwa furaha kubwa. Kisha Korongo akamgeukia Bibi Kobe, akamnyooshea unyoya.

"Bibi, wewe ndiwe uliye mbele. Tiketi ya kwanza ni yako."

Bibi Kobe aliutazama unyoya ule. Ulikuwa mweupe, mwepesi, unatikiswa na upepo mbele ya pua yake.

"Asante, baba," alisema. "Lakini hapa nililetwa. Mahali pangu ni kule, nyuma ya jiwe la Swala."

Akageuka, akaanza kwenda.

Foleni ikasogea upande wake, naye akasogea upande wake. Alipompita Nyani, Nyani alikuwa tayari ana tiketi. Alipompita Pundamilia, furushi la Korongo lilikuwa limepungua nusu. Korongo alikuwa na miguu mirefu, na Bibi Kobe alikuwa na miguu ya Bibi Kobe. Kila alipogeuza shingo aliona manyoya yamekuwa machache zaidi. Hakukimbia, kwa sababu hakujua kukimbia. Aliendelea tu.

Kule mwisho, Simba alikuwa amekwisha kuona kwamba hakuna tena wa kumuuzia. Akajongea kama anayepita njia, akasimama nyuma ya Swala.

"Mfalme," Swala alisema. "Samahani. Hapa pana mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Yule kule. Anakuja."

Wote wakatazama. Kwa mbali, katikati ya vumbi, gamba dogo lilikuwa likija. Likasimama kupumua. Likaja tena.

Korongo akampa Swala tiketi yake. Chini ya bawa lake ukabaki unyoya mmoja tu. Alisimama kwa mguu mmoja, akasubiri. Foleni nzima ikasubiri. Na Simba akaona kwamba macho yote ya nchi yalikuwa yakimtazama yeye, mfalme, akigombea mahali pa mwisho na kobe. Jambo hilo kiburi chake hakikuweza kulibeba.

"Mimi sikuja kupanga foleni," alinguruma. "Nilikuja kukagua. Wafalme hutazama kutoka juu."

Akaondoka zake. Siku ya fainali alikaa juu ya kichuguu, mbali sana, akatazama vumbi.

Bibi Kobe alifika, akatoa jani lake la mtama kwapani, akapokea unyoya wa mwisho kwa mdomo. Ngiri ndiye aliyeanza kushangilia, kisha wakashangilia wote.

Sungura na Fisi nao hawakukosa kazi. Korongo aliamuru mawe yale waliyoyabeba wayabebe tena mpaka ukingoni, wayapange yawe jukwaa la wanyama wafupi. Na kwa kuwa waliyapanga kivivu na jukwaa likawa linayumba, iliwabidi walishikilie kwa migongo yao kuanzia mwanzo wa mchezo mpaka mwisho, nyuso zikielekea vichakani.

Kwa hiyo Bibi Kobe alikaa juu ya mawe, akaona vizuri kuliko Twiga aliyekuwa amewekwa nyuma. Bado hakuujua mpira. Aliwauliza jirani zake maswali mengi, nao wakamjibu. Lakini mjukuu wake alipochomoka pembeni, akawapita Keremkerem mmoja, wa pili na wa tatu, akaupiga mpira ukaingia golini, hakuhitaji kuelezwa. Alipiga kelele ambayo hakujua kwamba anayo. Na Mbayuwayu hakuwakimbilia wenzake kwanza. Alikuja mbio mpaka ukingoni, akasimama mbele ya lile jukwaa, akafungua mabawa yake yote mawili.

"Umeniona, Bibi?"

"Nimekuona, mjukuu wangu. Nimekuona!"

Kutoka chini ya mawe, sauti mbili zilisikika katikati ya shangwe.

"Nani kafunga? Sungura, nani kafunga?"

"Nyamaza, Fisi. Shikilia jiwe."

Njia ya mwongo ni fupi.