Kabati la Mzee Kiboko

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Bati?"
"Limekunjwa!"
"Tumbo?"
"Limejaa!"
"La nani?"
"La mwenye nguvu!"
"Haya, ngojeni basi."

Hapo kale, lakini si kale sana maana kompyuta zilikuwapo, wanyama walikuwa na karakana ya kukunja mabati. Mchoraji wao alikuwa Bi Pimbi. Kabla bati halijakatwa, yeye hulichora kwanza kwenye kompyuta, na kila mahali pasipotakiwa rangi huweka mistari myekundu: kwenye bawaba, kwenye tundu la kufuli, kwenye mifereji ya kutelezea. Kima, fundi rangi, akiona mistari hiyo hubandika utepe. Asipoiona, hupuliza rangi, fyuuu!

Msimamizi alikuwa Mzee Kiboko. Kila adhuhuri alikuja, dubu! dubu!
"Mihogo ya nani?"
"Yetu, mzee."
"Lete!" Akala.
"Maharage ya nani?"
"Yetu, mzee."
"Lete!" Akala.

Bi Pimbi akawa anarudi nyumbani tumbo limeshikana na mgongo.

Siku moja Kiboko akasema, "Nataka kabati la chuma. Vyakula vyenu vyote viingie humo asubuhi, na ufunguo nikae nao mimi."

Bi Pimbi akachora. Kiboko akaja kuinamia kioo cha kompyuta.
"Mistari hii ya nini?"
"Hapo pasipakwe rangi, mzee. Mlango utakwama."
"Unanibania rangi, mimi? Futa! Nataka ling'ae lote!"
"Nifute hii ya bawaba?"
"Futa!"
"Na hii ya tundu la kufuli?"
"Futa kila ninachokiona!"

Bi Pimbi akafuta kila alichokiona mzee. Kiboko akaondoka, dubu! dubu! Hakujua kwamba kabati la kwenye kompyuta hugeuzwa. Bi Pimbi akasogeza kipanya kidogo tu, kabati likageuka, mgongo ukaja mbele. Bati la mgongoni akalichora liteleze kwenye mifereji miwili, na mifereji ile akaijaza mistari myekundu. Je, mzee akigundua? Akampelekea Kima mchoro.

Nyuma, Kima akabandika utepe. Mbele akapuliza, fyuuu! Akapuliza tena, fyuuu! Bawaba zikajaa rangi, tundu la kufuli likaziba. Kiboko hakungoja ikauke. Akapakia mihogo, akapakia maharage, akapakia ndizi, akabamiza mlango, ko! Kisha akaweka kiti mbele ya kabati, akaketi kulinda.

Adhuhuri ikafika. Ufunguo haukuingia. Akavuta mlango, gu! Kimya. Akavuta, gu! Kimya.

Kule nyuma, kwenye upenyo kati ya kabati na ukuta, ambamo Kiboko asingepitisha hata pua, Bi Pimbi akainua bati, swaaa! Mhogo ukatoka. Sufuria ya maharage ikatoka. Ndizi zikatoka, mkono kwa mkono, mpaka kwa Kima na wenzake.

"Nasikia harufu ya mihogo!" Kiboko akanguruma.
"Inatoka kabatini, mzee," akajibu Bi Pimbi, mashavu yamemtuna. "Wewe vuta tu!"

Akavuta, gu! Kishikio kikang'oka, kwachu! Kiboko chali, puu!

Akainuka, akajipangusa vumbi, akalitazama kabati kwa fahari.
"Mnaliona? Hili ndilo kabati! Kama limenishinda mimi mwenyewe, mwizi ataliweza?"
"Hataliweza, mzee," wakajibu wote, wakijilamba vidole.
"Bi Pimbi, hebu nichoree jingine kama hili. La nyumbani kwangu."

Basi wanangu, funzo ni hili: mtiini mkubwa wenu neno kwa neno. Akisema futa, futeni, maana mkubwa hakosei. Na kula mkiwa mmejibanza nyuma ya kabati ni utovu wa adabu, msije mkathubutu.

Kisa kimekwisha, koo limekauka. Aliyekipenda aniletee maji. Aliyekichukia aniletee chai.