Kambare Katika Chungu cha Mjane

Imepokewa kutoka kwa wasimulizi wa nchi ya Bengali, nchi ya mito na mashamba ya mpunga, habari ya mjane mmoja mcha Mungu wa Kihindu aliyeitwa Bibi Nistarini, na mke wa mwanawe aliyeitwa Khiroda.

Watu wengi wakisikia Mhindu hudhani moja kwa moja kuwa ni mtu asiyegusa nyama wala samaki. Katika nchi ile haikuwa hivyo. Hata Wabrahmini, watu wa ibada na maandiko, walikula samaki, kwa kuwa mto uliwaruzuku samaki kama shamba lilivyowaruzuku mchele. Aliyezuiwa alikuwa mjane. Siku mume alipofariki, mke aliacha samaki mpaka naye aitwe. Alipewa meko yake pembeni na vyungu vyake vya udongo, akajipikia mwenyewe mlo wake mmoja wa mchana. Chungu chake kikiingiwa na samaki hata mara moja, hakikusafishika tena. Kilivunjwa.

Bibi Nistarini alikuwa mjane kwa miaka ishirini na miwili. Kila siku, kabla ya kutia tonge kinywani, alitenga sehemu ya kwanza na kuiweka mbele ya sanamu ndogo ya shaba ya Vishnu, Mola wake, akainamisha kichwa, ndipo akala kilichobaki kama tabaruku. Alikuwa mcha Mungu wa kweli, na pia alikuwa na ulimi. Khiroda, mama wa watoto wanne, alikuwa ameusikia ulimi huo kwa miaka kumi na mmoja: wali umeungua, mtoto analia, ua halijafagiwa. Meko ya mjane hakuruhusiwa hata kuyasogelea.

"Mikono yako inanuka samaki," aliambiwa, na ilikuwa kweli, maana yeye ndiye aliyewapikia mume na watoto.

Mwaka mmoja homa ilimshika Bibi Nistarini siku kumi na tisa. Ilipomwacha, ilikuwa imemkausha mwili wote, asiweze hata kusimama. Ndipo kwa mara ya kwanza alipomwita Khiroda akamwambia, "Nipikie wewe. Oga kwanza. Halafu oga tena."

Khiroda alioga mara mbili, akapika dengu na wali laini. Mgonjwa alimeza vijiko viwili akageuza uso. Ikawa hivyo siku ya pili na ya tatu. Akaja tabibu Gokul, akashika mshipa wa mkono, kisha akamwita Khiroda uani.

"Dengu haitamwinua," alisema. "Vitabu vyetu vya tiba vimesema wazi kwamba aliyekaushwa na homa apewe mchuzi wa nyama au wa samaki. Mtafutie kambare wadogo. Bila hivyo hamalizi mwezi."

"Hatakubali, tabibu."

"Nani amekwambia umuulize? Homa imemwondolea ladha na harufu. Chemsha, chuja, changanya na dengu, tia tangawizi na jira. Atapona bila kujua. Dhambi ikiwepo, iwe juu yangu."

Maneno kama hayo humtoka kwa wepesi mtu anayekwenda zake nyumbani.

Khiroda aliyafikiri huku akifua nguo za watoto. Mumewe alikuwa mbali kwenye mavuno, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Hawakuwa wakipendana sana, yeye na mama mkwe. Lakini bibi huyo ndiye aliyewalea watoto wote wanne mgongoni, na Khiroda hakutaka kumwona akizimika kwa kukosa kitu kilichokuwa tele mtoni. Akaamua. Akaoga, akapata kambare watatu, akawachemsha jikoni kwake na kuwachuja. Na kwa kuwa mgonjwa aliyaona meko yake mwenyewe kutoka kitandani, akaumimina mchuzi ule, kana kwamba ni maji, ndani ya chungu cha mjane, juu ya dengu.

Siku zilizotangulia Khiroda aliweka bakuli na kuwakimbilia watoto wake. Siku hiyo alibaki, maana alitaka kuona kwa macho yake kwamba mchuzi umemezwa.

"Umechelewa," alisema Bibi Nistarini. "Ulikuwa ukiwasimulia majirani ninavyokufa?"

"Kula, Mama, kabla hakijapoa."

"Niinue kwanza."

Khiroda akamwinua. Mgonjwa akachota kijiko cha kwanza, lakini hakukipeleka kinywani. Akakinyoosha upande wa ile sanamu ya shaba, akafumba macho, na midomo ikaanza kutaja jina la Mola wake.

Hilo Khiroda hakuwa amelifikiri. Alikuwa amejiandaa kukidanganya kinywa cha mtu mmoja tu. Akamshika mkono.

"Mama, usimpe. Kuna samaki humo."

Bibi Nistarini akafumbua macho. "Ndani ya chungu changu?"

"Ndani ya chungu chako."

"Kwa mikono iliyooga mara mbili."

"Leo nilioga mara tatu."

"Kumbe ulitaka nimtolee Mola wangu samaki, na nimshukuru juu yake!"

"Nilitaka usife, Mama. Hilo tu. Habari ya kumtolea sikuifikiri. Nina watoto wanne, sijapata nafasi ya kukaa nikakutazama ukila."

Mjane akaweka kijiko chini. "Toka mbele yangu. Niitie panditi."

Panditi Bhabanath, mwanachuoni wa maandiko katika kijiji kile, alikuja akaketi mlangoni, akasikiliza yote bila kukatiza. Kisha akasema, "Bibi, maandiko yetu hayasemi kwa sauti moja juu ya jambo hili. Yako yanayosema kwamba anayechinja, anayeuza, anayepika na anayekula wote ni washirika. Yako yanayohalalisha nyama iliyotolewa kafara. Yako yanayosema kuwa kula si dhambi, ndivyo viumbe walivyoumbwa, ila anayejizuia ana thawabu kubwa. Na ambaye roho yake imo hatarini, wahenga wamemruhusu kilichokatazwa, kisha akipona afanye toba."

"Basi unaniambia nile."

"Sikusema hivyo. Mlango uko wazi. Ukiingia huna lawama, na usipoingia huna lawama. Lakini mtu mwingine hawezi kukubeba akakuingiza umelala." Hapo akamtazama Khiroda aliyesimama nje ya mlango, naye akainamisha uso.

Panditi alipoondoka, mjane alilala akiitazama sanamu mpaka jua lililokuwa kizingitini likahamia ukutani. Khiroda alikaa nje ya mlango, mtoto wa mwisho mapajani, akingoja kufukuzwa.

"Njoo," sauti ikamwita. "Nimejiuliza kwa nini sitaki kula. Jibu nililokuwa nalo ni kwamba ni kwa ajili ya Mola. Lakini nilipochungulia vizuri moyoni, aliyekuwa amekaa pale alikuwa Mokkhada wa nyumba ya pili, akiwaambia wanawake wenzake, 'Mmesikia? Nistarini anakula samaki.' Nikifa kwa sababu hiyo, nitakuwa nimefunga miaka yote hii kwa ajili ya Mokkhada."

Akaagiza jani la mrehani, mmea mtakatifu wa Mola wake, na maji safi, akaviweka mbele ya sanamu. "Leo sina kingine kinachokufaa," akasema. Akaagiza chungu chake kivunjwe uani, mahali anapoona. Kisha akataka mchuzi mwingine wa kambare katika sahani ya jikoni kwa Khiroda, akaula macho wazi, akijua anachokula. Mara ya kwanza alitapika. Mara ya pili ulikaa.

Alikula siku kumi na mbili, kama dawa. Siku ya tano Mokkhada alikuja kumjulia hali.

"Dada, sura imerudi! Dengu gani hiyo mnayokula humu?"

"Si dengu, ni kambare," alijibu Bibi Nistarini. "Keti, mchuzi umebaki."

Mokkhada hakukaa. Kwa miezi mingi baadaye wako wanawake waliokataa hata maji kutoka mkononi mwa mjane yule, naye alivumilia wala hakujitetea.

Alipoweza kwenda mtoni kwa miguu yake, aliacha samaki siku hiyo hiyo, akafunga, akafanya toba kama alivyoelekezwa, na hakuonja tena mpaka alipofariki. Mfinyanzi akaleta chungu kipya. Watu wa nyumbani walidhani atarudia kujipikia kama zamani. Yeye akakichukua na kumkabidhi Khiroda.

"Mama, mikono yangu inanuka samaki."

"Najua," alisema. "Oga."

Tafakari yetu ni fupi. Watu wacha Mungu wa kila dini wana vyakula walivyojizuilia, na karibu wote wana ruhusa ya wakati wa dhiki. Ruhusa hiyo ni ya anayekula, na anayepika hana haki ya kuitumia kwa niaba yake kwa siri, hata akiwa na nia njema na hata akiwa amechoka. Ukweli wa Khiroda haukutoka mapema. Ulitoka kijiko kikiwa tayari kimenyanyuliwa, ukatosha. Na yule aliyemwambia ukweli siku ile ndiye aliyempikia mpaka mwisho wa umri wake.