Turubai la Bwana Grobek

Serikali ilimtuma Wakesho Mwadime ng'ambo, awe macho ya wakulima wetu katika biashara na afya ya mimea. Bandarini huko akamkuta Bwana Grobek, mkaguzi ambaye tumbo lake lilitangulia kuingia mlangoni. Kila kontena la maparachichi lilipofika, Grobek alidai lina mdudu, akalizuia, na maparachichi hayakuonekana tena.

"Hili nalo lina mdudu," akasema, akipangusa masharubu.

"Pole, bwana. Sheria yenu inasemaje?"

"Popote lilipoingia parachichi lenye mdudu, pafunikwe turubai, pafukizwe dawa mpaka mdudu afe."

"Hata kama ni ikulu?"

"Hata ikulu, na rais akiwa ndani!"

Wakesho akawaita wapakuzi waje na turubai na mtungi wa dawa.

"Kontena liko kule," Grobek akawaelekeza.

"Kule tutafika. Tunaanzia hapa," alisema Wakesho. "Masharubu yako bado yana kijani cha parachichi, bwana. Vijana, lifunikeni hilo tumbo."

Turubai lilipomfika kifuani, Grobek alipiga yowe bandari nzima ikasikia. "Hayana mdudu! Hayajawahi kuwa na mdudu!"

"Fungueni kontena," Wakesho akawaambia wapakuzi. "Bwana mkubwa amepona."