Waliomuoshea Baba Pikipiki

Sogeeni karibu, nanyi wa nyuma msikie. Swali nitauliza mwishoni, kwa hiyo asiwepo wa kusinzia.

Huko Tukuyu, ambako mvua huacha tope hadi kwenye nyusi, aliishi Mzee Mwakajila na mkewe, Mama Bupe. Bupe, binti yao mkubwa, alikuwa amechumbiwa. Wadogo zake walikuwa watatu. Atupele alikuwa na jicho la kuona uchafu uliojificha. Tusekile alikuwa na mikono isiyochoka, wala hakuvumilia kuona kitu kikitupwa. Anyisile, kitinda mimba, akikipangusa kitu, utajiona humo kama kwenye kioo.

Siku ikafika ya wazazi kwenda kwa wakwe kujuana. Mama alikuwa ameshonesha gauni la rangi ya maziwa. Alfajiri baba akawaambia watoto, "Siwezi kumpakia mama yenu kwenye tope hili. Atakayeiosha pikipiki vizuri nitamfundisha kuiendesha."

Loo! Hakuna aliyesubiri chai.

Atupele alianza na cheni. Alichukua mafuta ya taa na mswaki wa zamani, akaisugua pingili kwa pingili. Grisi ya miezi mingi ikatoka, nyeusi kama masizi. Alijifuta mikono kwa tambara, akalitundika kwenye usukani. "Nitalitupa nikimaliza," alijisemea. Mara mama akamwita akamenye ndizi.

Tusekile alipanda na kushuka kilima kuteka maji, ndoo baada ya ndoo. Aliosha matairi, tangi, hata chini ya madigadi kusikoonekana na mtu. Akaliona lile tambara. "Kitambaa kizima hiki, kitupwe?" Akalifikicha kwenye maji ya sabuni, likatoka la kijivu, akalianika uani pamoja na vitambaa safi. Weusi mwingi ulitoka. Grisi ilibaki.

Anyisile alikuja mwisho. Alipangusa taa, vioo na tangi hadi kuku akasimama kujitazama. Kwa siti akachukua kitambaa cha kijivu. Kilinuka mafuta ya taa kidogo. "Dada ameshakitia dawa ya kung'arishia," akawaza, akasugua kwa nguvu zake zote. Siti ilikuwa nyeusi. Ikang'aa, na hakuna aliyeona kitu.

Baba alipotoka alishika kiuno. "Nani ameiosha hivi?"

"Mimi!" wakasema wote watatu.

"Mimi ndiye niliyetoa grisi!"

"Na maji yalijileta yenyewe?"

"Kabla yangu ilikuwa imelowa tu, haijang'aa!"

Baba alicheka. "Tukirudi mtaniambia." Mama akapanda, gauni likatandazika vizuri juu ya siti, wakaondoka.

Kwa wakwe walipokewa kwa vigelegele. Mama Bupe akashuka, akainama kwa adabu kuwasalimia wazee, mgongo wake ukiuelekea uwanja uliojaa watu. Vigelegele vikakatika. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, lakini mnong'ono ule ulisikika: "Huyu mwenzetu amekalia nini? Hakujitazama?" Watoto wakacheka, wakafinywa wanyamaze.

Mama alipitisha mkono nyuma, akautazama. Akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, na hakuinuka tena siku hiyo. Walipoimba, hakuinuka. Walipomwita kucheza alisema goti linamuuma. Aliinuka wageni wengine walipokwisha kuondoka, akatoka kinyumenyume, akitabasamu.

Waliporudi nyumbani, Bupe aliwakimbilia. "Mama, mmepokewaje?"

Mama aligeuka tu, akamwonesha mgongo wa gauni.

Baba akawatazama wale watatu. "Nani aliiosha pikipiki?"

"Mimi nilisafisha cheni tu," alisema Atupele kwa sauti ndogo. "Siti sikuigusa."

"Mimi nililikuta tambara chafu, nikalifua," alisema Tusekile.

"Mimi nilikichukua kitambaa penye vitambaa safi," alisema Anyisile.

Bupe alifuta machozi. "Asubuhi palikuwa na waosha pikipiki watatu hapa. Sasa hakuna hata mmoja."

Hakuna aliyeinua uso. Mama aliloweka gauni lake mwenyewe, akalifikicha kimya, na lile doa likatanda tu. Atupele alinyoosha mkono amsaidie. Mama akasema, "Acha, mwanangu." Maneno hayo mawili yaliwauma kuliko kofi.

Ndipo baba akasema: "Hata mimi nilikuwa mbele, sikugeuka kutazama. Lakini Jumapili mmoja wenu atafuatana nami kwa wakwe. Atasimama pale uwanjani, aseme mbele ya wote kwamba mama yenu hakuondoka hapa mchafu, bali yeye ndiye aliyemchafua. Mtu huyo ni yule aliyeiosha pikipiki. Na huyo huyo ndiye nitakayemfundisha kuiendesha. Mambo hayo mawili siyatenganishi."

Atupele akasogea hatua moja mbele. Tusekile akasogea pia. Anyisile, macho chini, naye akasogea. Wakasimama tena mstari mmoja kama asubuhi, ila safari hii hakuna aliyepaza sauti.

Baba alisema mmoja. Ni yule aliyelitundika tambara, aliyelifua nusu, au aliyelisugua bila kulitazama? Msinijibu haraka. Likumbukeni lile gauni, kisha mniambie: kama wewe ungekuwa baba, Jumapili ungempakia nani?