Mgawa Maji Asiyegeuka

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani ipi, maana hata aliyenisimulia hakuiona, palikuwa na vijiji viwili vilivyokunywa mfereji mmoja. Kijiji cha Juu kilikaa mgongoni mwa mlima, kijiji cha Chini kilikaa miguuni pake. Katikati yao palikuwa na ndiva, yaani bwawa la mawe na udongo ambamo maji ya mfereji yalikusanywa ili yagawiwe mashambani. Masika, watu wa vijiji hivi waliozana na kualikana ngomani. Kiangazi kikikaribia, walianza kutazamana kwa pembe ya jicho.

Zamu za maji hazikuandikwa popote. Zilikaa kichwani mwa mtu mmoja, mgawa maji wa kijiji kilichoshika ugawaji. Kila mwaka, kabla ya kiangazi kushika, aliketi juu ya jiwe kwenye mdomo wa ndiva akazitaja zote: nyumba gani inaanza, nyumba gani inafuata, nani anampisha nani. Akifika mwisho, kijiji chake kinagawa maji mpaka mvua zirudi. Akikatika, hata kwa kugeuza shingo tu, ugawaji unahamia kijiji cha pili. Na sasa sikilizeni ukali wa desturi yenyewe. Kumgusa aliyeketi ni mwiko, lakini kumtikisa kwa maneno ni halali. Mtukane, mchekeshe, mzushie lolote. Siku ile uongo haukuwa dhambi.

Mgawa maji wa Chini alikuwa mzee Senkondo, naye alifariki ghafla, kiangazi kikiwa mlangoni. Aliyezijua zamu baada yake ni binti yake, Nakijwa, aliyefundishwa tangu akiwa mtoto. Zamu alizijua. Kilichomshinda ni kichwa. Tangu mazishi, akili yake haikukaa. Akipika, aliwaza kaburi. Akiwa kaburini, aliwaza ugali unaoungua. Akianza kutaja zamu, akifika katikati, jina lilimponyoka, akabaki ameachama. Na watu wa Juu walilijua hilo, maana umbeya haupandi mlima kwa miguu.

Wazee wa Chini walikikumbuka kiangazi ambacho Juu waligawa maji. Migomba ilikauka ikiwa imesimama, na watoto wachanga wengi hawakuiona vuli. Kwa hiyo kila aliyepita mlangoni kwa Nakijwa alimuuliza swali lilelile: "Mama Nanzia, utaweza?" Akajibu, "Nitaweza." Akiingia ndani, alilia kwa hofu.

Wa kwanza kumsaidia alikuwa shangazi yake, Namkunda, dada wa marehemu. Ulimi wake ulikuwa mkali, huruma hakuwa nayo ya kuonekana. Alimkalisha pembeni mwa mfereji, mgongo wima, mikono mapajani, akamwambia afuate pumzi yake tu: inaingia, inatoka.

"Nimekuja kujifunza zamu, shangazi, si kupumua."

"Zamu unazijua. Kichwa chako ni mbuzi aliyekata kamba. Hatumkimbizi. Tunakaa hapa mpaka arudi."

Wakakaa. Asubuhi wakakaa, jioni wakakaa.

"Shangazi, nimewaza tena msiba."

"Ulipotambua kwamba umewaza, ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Basi umerudi. Pumua."

"Nimewaza tena."

"Umerudi tena. Pumua, wala usijigombeze."

Mwanzoni Nakijwa aliona ni upuuzi mtupu. Baadaye alianza kuliona wazo likija kabla halijamchukua. Akaliacha lipite, akarudi kwenye pumzi. Msiba haukuisha, lakini haukumburuta tena. Na majina ya zamu yakaanza kukaa, moja likishika mkono wa jingine, mpaka akafika mwisho. Siku hiyo alicheka, na tangu mazishi hakuwa amecheka.

Wa pili alikuwa wifi yake, Nambua, dada wa mumewe. Huyu alikuja na sufuria na mwiko.

"Kutulia penye utulivu hata jiwe linaweza," akasema. "Siku ile hawatakubembeleza. Keti, taja."

Nakijwa akataja, Nambua akagonga sufuria. Nakijwa akataja, Nambua akamtukana. Akamtukania hata baba yake marehemu, na nyumbani kwetu hilo ni jambo la kupigana. Nakijwa akakatika, akarudi, akataja. Ndipo Nambua akapiga ukelele: "Nanzia ameanguka majini!"

Nanzia alikuwa binti wa pekee wa Nakijwa, mtoto ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanang'oka. Mama yake aliruka, akakimbia mpaka akajikwaa, akamkuta uani anatafuna hindi la kuchoma.

Wifi mtu akamfuata pale pale. "Umekatika. Chini tumekosa maji. Rudi ukae."

Akarudi. Kesho yake ukelele uleule, akakimbia tena. Siku iliyofuata akanyanyuka nusu, akakaa. Ikafika siku ukelele ulipopigwa na shingo yake haikucheza. Nambua akafurahi, akamkumbatia. Shangazi Namkunda hakufurahi.

"Mimi nilimfundisha kurudi," alisema. "Wewe unamfundisha kutokwenda."

"Juu watapiga ukelele huohuo, shangazi. Ukiwa na njia nyingine, nionyeshe."

Shangazi hakuwa nayo. Msinitazame hivyo, hata mimi sinayo.

Siku ikafika. Vijiji vyote viwili vikajaa kwenye kingo za ndiva, Chini upande huu, Juu upande ule. Ndiva ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Mbele ya watu wa Juu alisimama Kiure, kinara wa watikisaji, mkulima wa tangawizi mwenye koo la kuitia ng'ombe bonde la pili. Alikuwa amempa kila mtikisaji uongo wake na wakati wa kuutoa. Wa Juu walisema hakuna mtu ambaye Kiure hawezi kumkatisha.

Nakijwa akaketi juu ya jiwe, akaanza kutaja.

Wakamzomea, akataja. Wakamwimbia wimbo wa kumcheka mumewe, akataja. Kiure mwenyewe akanguruma, "Baba yako alikufa akisema huyu binti hafai!" Hapo Nakijwa alitikisika. Jina lililokuwa mdomoni likaanza kuteleza, upande wa Chini wakashika vichwa. Akaiona huzuni inakuja, akaiacha ipite, akarudi kwenye pumzi. Jina likarudi, na jingine, na jingine. Akapita katikati.

Ghafla sauti ya mwanamke ikapasua kutoka nyuma ya umati wa Juu: "Mtoto wa Nakijwa yuko majini!"

Watu wa Chini wakatabasamu. Uongo wa kila mwaka huo, mgawa maji gani hajawahi kuambiwa mwanawe anazama? Nambua akamnong'oneza jirani, "Wamechelewa." Hakuna aliyegeuka.

Nakijwa alisikia. Moyo ulimpiga hata akauona ukiruka kwenye kanga. Mguu mmoja ulitaka kunyanyuka. Lakini ukelele ule alikuwa ameuzoea, na kila alipoukimbilia alikuta hindi la kuchoma. Akataja jina lililofuata.

Kiure peke yake ndiye aliyeshtuka. Uongo wote wa siku ile aliugawa yeye, na huo hakumpa mtu. Alijua mwanamke yule hatikisi, anaita. Akawasukuma watu wake mpaka kwenye kona ya ndiva iliyofichwa na umati, akajitupa majini na nguo zake. Akapiga mbizi, akaibuka mikono mitupu. Akapiga tena, akaibuka na Nanzia, amelegea. Akamlaza nyuma ya ukingo, akamgeuza, akamtapisha maji. Mtoto alipovuta pumzi, alifungua kinywa kumwita mama yake. Kiure akamfunika kwa shuka, akamkumbatia kifuani na kumnyamazisha polepole, kilio kisifike kwenye jiwe. Watikisaji wa Juu, kinara wao hayupo, wakababaika wakanyamaza.

Na katika ukimya ule Nakijwa akaitaja nyumba ya mwisho.

Vigelegele vikapaa upande wa Chini. Nakijwa akageuka acheke na watu wake, akamwona Kiure amelowa maji, na mguu mdogo umechomoza kwenye shuka. Alikimbia, akaanguka, akafika kwa magoti.

"Mama," Nanzia akasema, "nilikuwa majini. Watu walikuita. Hukusikia?"

"Nilisikia, mwanangu," Nakijwa akasema, akamchukua mikononi mwake.

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Kizibo cha ndiva hakitolewi mpaka mgawa maji amtaje mtu mmoja, yule ambaye bila yeye zamu zisingefika mwisho. Huyo hupewa zamu ya alfajiri kiangazi kizima, maji ya kwanza, ndiva ikiwa imejaa. Mwenye zamu hiyo shamba lake halikauki.

Shangazi Namkunda akatangulia. "Ni mimi. Alikuja kwangu hana kichwa cha kutajia hata majina ya vyungu vyake. Angekatika kwenye lile neno la baba yake. Nani alimfundisha kurudi?"

Wifi Nambua akaja akilia, lakini akaja. "Ni mimi, na najua mnavyonitazama. Ule ukelele ndio ungemwangusha, na mimi ndiye niliyemfunga mguu. Mkinilaumu kwa mtoto, basi msiyanywe maji haya, maana yamepatikana kwa kosa hilohilo."

Kiure akaja wa mwisho, na wa kwao wakampa mgongo. "Mimi ni wa Juu. Ningemwachia mtoto alie mara moja tu, mama yake angegeuka na maji yangekuwa yetu. Nilimziba kinywa, maana kilio hicho hakikuwa uongo wa kutikisia. Leo kwetu sina pa kulala, na tangawizi yangu itakufa kwa kiu. Wifi alimfunga mguu. Mimi nilimpa mtoto wa kumrudia."

"Ukimpa huyo, alfajiri yetu inapanda Juu!" mtu akapayuka. "Ndiyo hiyo tuliyoipigania?"

Nakijwa akamtazama aliyemrudishia kichwa. Akamtazama aliyekifanya kigumu, akashindwa kujua kama amshukuru au amchukie. Akamtazama adui aliyelowa. Nanzia alikuwa anatetemeka mikononi mwake, na mshika kizibo akaita, "Mgawa maji, taja jina, ukingo unaanza kumeguka!"

Akataja jina moja. Ninalijua, na siwaambii ng'o. Juu na Chini wanaligombania mpaka leo, na mimi sitaki ugomvi wao uingie humu ndani. Semeni nyinyi mliokaa hapa mkinitolea macho: angekuwa ni mtoto wako aliyelowa mikononi mwako, maji ya alfajiri ungempa nani?