Kofia Moja ya Adelina

Sogeeni karibu, nina kesi mkononi. Mimi imenishinda, kwa hiyo hukumu mtatoa nyinyi.

Palikuwa na watu wazima watatu katika nyumba moja huko Singida, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Mama, Sista Paskalina, muuguzi wa zahanati, alijaliwa sauti. Akikuambia, "Haiumi, mwanangu," unamwamini, hata kama jana alikuambia hivyo hivyo na ukalia. Baba, Bwana Mughwai, afisa mifugo, alijaliwa mkono. Humpiga ng'ombe makofi mawili kwenye tako, pa, pa, na pigo la tatu ni sindano. Ng'ombe anaendelea kucheua. Bibi Sarapia, mama yake baba, alijaliwa ukaidi. Ana kisukari, anatakiwa kuchomwa sindano kila asubuhi, na kila asubuhi huapa kwamba ameshachomwa.

Binti wa nyumba hiyo, Adelina, alikua akimwona mama anarudi kutoka kazini miguu imevimba, na bado anacheka. "Nami nitakuwa muuguzi," akasema.

Mama akamkataza. "Soma uhasibu, mwanangu, ukae kwenye kiti."

Hakusikia. Siku za likizo alizunguka na baba mazizini, na sindano ya bibi alikabidhiwa yeye, maana wengine walikwisha kukata tamaa.

Akaenda chuo cha uuguzi. Siku ya mtihani wa vitendo akapewa mgonjwa: Mwalimu Gwau, mstaafu, aliyechapa makalio ya wilaya nzima kwa miaka thelathini na moja, na anayeogopa sindano kuliko kifo.

"Nimeshachomwa," mwalimu akasema, huku anavaa viatu. Adelina alikuwa ameusikia uongo huo tangu darasa la tano. Akavichukua viatu, akaviweka juu ya kabati.

Mwalimu akagoma kulala. Adelina akatoa sauti ya mama: "Haiumi, baba yangu. Jilaze kidogo tu." Mwalimu akajilaza, akijishangaa mwenyewe.

Alipoiona sindano akaanza kuinuka. Hapo mkono wa Adelina ukasahau kwamba uko hospitalini. Pa, pa, na la tatu sindano.

"Mwachieni," Adelina akasema, kama walivyozoea zizini, ingawa hakuna aliyekuwa amemshika.

Mwalimu Gwau akauliza, "Sasa mbona huanzi?" Adelina akafaulu.

Haya, sikilizeni vizuri. Chuo kile kina desturi: siku ya mahafali kila mhitimu humwita mtu aliyemfanya awe muuguzi, apande jukwaani amvishe kofia. Mmoja tu, si wawili. Jina la Adelina likasomwa. Wakasimama watatu.

"Kofia ni yangu," alisema mama. "Alinifuata mimi hata nilipomkataza."

"Wewe ulimpa maneno," alisema baba. "Mkono uliomfaulisha ni wangu."

"Nyinyi mlimfundisha kwa wagonjwa na ng'ombe," alisema Bibi Sarapia. "Aliyechomwa ni nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko, lakini Adelina hakucheka. Aliwapenda wote watatu, na machozi yalimlengalenga. Bibi alishatangaza kwamba asipoitwa hachomwi tena mpaka anazikwa, na bibi yule hatanii. Baba, ambaye maisha yake yote hajawahi kuitwa mbele ya watu isipokuwa mbuzi wao wakiugua, alikuwa ameshafunga vifungo vya koti. Na mama alisema tu, "Mwite umtakaye, mwanangu, mimi sina neno." Wenye mama mnajua maana ya maneno hayo.

Mkuu wa chuo ameshika kofia, Adelina amepiga magoti, watu wanasubiri. Ningekuwa mimi ningejifanya nimezirai, ila ukumbi mzima ni wauguzi.

Ewe unayenisikiliza, kama magoti yale yangekuwa yako, ungemwita nani?