Sambusa za Bwana Shekuwe

Jioni moja ya Ramadhani, wageni wakisubiri adhana ya magharibi, tajiri Bwana Shekuwe alimfokea mpishi wake Mwanaiki mbele yao.

“Sambusa zimepungua nusu sahani! Umekula mchana, mwezi huu mtukufu! Leo hii utoke kwangu!”

“Mie nimefunga, bwana,” alijibu Mwanaiki kwa unyenyekevu. “Ila nina kosa jingine. Nilisahau chumvi na pilipili. Afadhali wageni wako wasizile, zimepooza kabisa.”

Shekuwe aliwatazama wageni, aibu ikamshika.

“Muongo mkubwa! Chumvi imekolea, na pilipili mpaka sasa inaniwasha koo!”

Baba mkwe wake, tende mkononi, aligeuka akamkodolea macho.

Mwanaiki akauliza taratibu, “Nikuletee maji, bwana?”